Kodi ya nyumba ya mkoloni: alitaka fedha au alitaka vibarua? Na mlipaji alikosaje kiti barazani?

Mchimba Nyaraka (#1)
Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani, naomba tuichambue kwa tarehe na viwango.

Shuleni tulifundishwa kwamba kodi ya nyumba na kodi ya kichwa zililetwa ili Mwafrika alazimike kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Basi, mada imeisha. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba serikali ilimfanya mtu huyu kuwa mlipaji wa kila mwaka, ikakaa naye hivyo zaidi ya miaka 40 kabla ya kumruhusu kukaa mahali bajeti inapojadiliwa. Kenya, Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1907, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, akaingia Oktoba 1944. Tanganyika baraza lilianza 1926, Waafrika wa kwanza wakaingia 1945: Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Na wote hao waliteuliwa na gavana, hawakupigiwa kura na mtu.

Swali langu: watu walichukia nini hasa? Kiwango? Namna ya kukusanya? Au kukosa msemaji? Mwenye data alete.

Kivinje Juu (#2)
Nianze na Mjerumani maana ndiye aliyetangulia huku kwetu.

Sheria ilitoka Novemba 1897 wakati wa Gavana Liebert, ikaanza kutumika 1 Aprili 1898. Kibanda cha kijijini rupia 3 kwa mwaka. Mjini nyumba zilipangwa kwa madaraja, ya mawe inalipa zaidi ya ile ya makuti. Miaka ya mwanzo mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa siku za kazi. Lakini mazao yana taabu zake: lazima yapimwe, yahifadhiwe, yatafutiwe mnunuzi, na anayekadiria thamani ni yule anayepokea, si yule anayeleta. Hapo tayari ugomvi umeshaanza. Mwaka 1905, chini ya Gavana Götzen, kamba ikakazwa: kila mwanamume mzima rupia 3 taslimu, asiye nazo apelekwe kazini.

Mwangalie na mlolongo wa watu waliokusanya. Boma (kituo cha utawala) linamtuma liwali au akida, msimamizi wa vijiji kadhaa; akida anamtuma jumbe, mkuu wa kijiji; nyuma yao kuna askari. Kila mmoja ana chake anachokitarajia kabla rupia haijafika bomani. Mwanakijiji hakumjua Götzen. Alimjua akida.

Simba wa Kusini (#3)
Ndiyo maana Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa, kwa kuigomea kodi ya nyumba.

Kivinje Juu (#4)
@Simba wa Kusini hapana mkuu, tarehe hazikubali. Makunganya alinyongwa Novemba 1895, sheria ya kodi ya nyumba ni ya 1897. Ugomvi wake na Wajerumani ulikuwa juu ya nani mwenye mamlaka Kilwa, biashara ya misafara na ushuru wa pwani. Mzigo wa fedha upo, ila si kodi hii.

Ukitaka kuiunganisha kodi na vita, nenda Umatumbi, Julai 1905, mwanzo wa Vita ya Maji Maji. Hata kule kodi haikuwa peke yake. Kulikuwa na shamba la pamba la jumbe lililoanzishwa 1902: siku 28 za kazi kwa mwaka, malipo senti 35, na sehemu nyingine ya mapato inakwenda kwa jumbe na kwa kamati ya wilaya. Waliong'oa miche ya pamba kule Nandete waligusa kitu kilichokuwa karibu na mikono yao, na kituo cha akida pale Kibata kikafuata.

Hesabu254 (#5)
Upande wa Kenya, viwango ni hivi:

1901: kanuni za kodi ya nyumba, rupia 1, ikapanda hadi 2, halafu 3
1910: kodi ya kichwa, kwa mwanamume mzima ambaye hana nyumba ya kulipia
Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: rupia 5
1920: rupia 8, yaani shilingi 16
1922: ikashushwa hadi shilingi 12

Kila mwanamume analipa hiyo mara moja kwa mwaka.

Mama Stakabadhi (#6)
Orodha safi @Hesabu254, lakini mstari wa mwisho urekebishwe. Kodi ya nyumba haikuhesabu wanaume, ilihesabu nyumba. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Mama yake mjane akiwa na kibanda chake uani, hicho nacho kinahesabiwa, na anayekatwa ni mwana. Kwa kiwango cha 1920, nyumba nne ni shilingi 64.

Hesabu ya nyumba ikaleta matokeo ambayo serikali haikuyataka: watu wakabanana. Wake wawili chini ya paa moja, vijana wakachelewa kujenga. Mhesabuji akipita anakuta paa chache kuliko mwaka uliopita ingawa watu hawajapungua. Kodi ya kichwa ya 1910 ilikuja kuziba pengo hilo, kumnasa kijana anayelala kwa nduguye.

Ngoma Nzito (#7)
Mama Stakabadhi umekuja na jembe na mbegu kabisa. Hesabu254 jitete 😀

Hesabu254 (#8)
Sijitetei, naongeza. Tazameni mchezo wa sarafu wa 1920, maana hapo ndipo watu waliumizwa bila kuelewa kilichotokea.

Rupia ilikuwa shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, yaani rupia 15 kwa pauni. Mwaka 1920 ikafungwa kwenye shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Baadaye ikaja florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia 5 za zamani zilikuwa sawa na shilingi 6 na peni 8. Rupia 8 mpya ni shilingi 16. Ukipima kwa pauni, kodi iliongezeka zaidi ya mara mbili kwa mkupuo mmoja. Halafu 1921 walowezi wakasema, rupia imepanda thamani, kwa hiyo mshahara wa kibarua upunguzwe kwa theluthi. Wakakubaliana, wakapunguza.

Thamani mpya ya sarafu ikawa sababu ya kumkata kibarua mshahara, lakini upande wa kodi hakuna aliyeona sababu ya kushusha. Maamuzi yote mawili yalikwenda dhidi ya mtu mmoja, na kwenye meza zote mbili hakuwepo.

Mchimba Nyaraka (#9)
#8 ndiyo kiini cha uzi huu. Asante.

Mtunza Hazina (#10)
Nawapinga kidogo. Msipuuze suala la mapato. Protekta ya Afrika Mashariki (Kenya ya wakati huo) iliishi kwa ruzuku ya Hazina ya Uingereza mpaka 1912. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilikuwa imemeza mamilioni ya pauni. London haikutaka kuendelea kulipia koloni. Afisa wa wilaya alipimwa kwa makusanyo yake, na taarifa zake za mwaka zilijaa hesabu za kodi kuliko habari za mashamba. Uganda nako, Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka rupia 3 kwa nyumba na rupia 3 kwa bunduki, na huko hapakuwa na walowezi wa kutafutiwa vibarua kwa kiasi cha Kenya. Kama kodi ni ya vibarua tu, Buganda inaelezwaje?

Mwana wa Gem (#11)
@Mtunza Hazina umeuliza vizuri, ila Kenya walowezi hawakuficha nia. Mbele ya Tume ya Kazi ya 1912-13 walipita mmoja baada ya mwingine wakiomba kodi ipandishwe ili watu watoke kwenye hifadhi zao. Wengine walitaka apunguziwe kodi yule aliyemfanyia Mzungu kazi kwa miezi kadhaa. Hilo si ombi la mtu anayetafuta mapato ya serikali.

Mtunza Hazina (#12)
Waliomba, sawa. Lakini kodi peke yake haikuwapa walichotaka, na ushahidi ni sheria zilizofuata. Mwaka 1918 maskwota, yaani Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi, wakatakiwa kufanya kazi siku 180 kwa mwaka. Mwaka 1919 ukaja waraka wa Gavana Northey kuwataka maafisa na machifu wahimize watu kwenda mashambani. Mwaka 1920 sheria ikaruhusu siku 60 za kazi ya serikali ya kulipwa kwa lazima, ila aliyekwisha kuajiriwa miezi 3 mwaka huo anasamehewa. Kama kodi ingetosha kusukuma watu, hizi zote za nini?

Sababu ya kutotosha iko wazi: mwenye mbuzi anauza mbuzi, mwenye simsim anauza simsim. Nyanza walilipa kodi kwa mazao na ngozi miaka mingi. Kodi humsukuma kibaruani yule ambaye hana cha kuuza, au aliyenyang'anywa ardhi ya kulimia cha kuuza.

Mwana wa Gem (#13)
Basi umeshanipa hoja yangu. Ardhi ikichukuliwa na kodi ikabaki, kodi inakuwa ya vibarua hata kama karatasi inasema ni ya mapato.

Mama Stakabadhi (#14)
Hamjataja kipande, na bila kipande kodi haina meno.

Sheria ya 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu 1919-20. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16. Karatasi ina jina, kabila, wilaya, alama za vidole, halafu nafasi za mwajiri: tarehe ya kuanza, mshahara, tarehe ya kuondoka, sahihi. Inakunjwa, inatiwa kwenye kikebe cha bati, kikebe kinavaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ukitoroka kwa mwajiri kabla hajatia sahihi ya kukuachilia, mwajiri mwingine anaona nafasi iko wazi na anakuuliza. Mshahara wa mwisho umeandikwa, kwa hiyo hata ukipata kazi mpya huwezi kudai zaidi, unaonyeshwa kiasi ulichokubali kule.

Mkulima wa Kizungu hakubeba kitu shingoni. Hilo watu waliliona kila siku, hawakuhitaji kuhutubiwa.

Ngoma Nzito (#15)
Ndiyo Harry Thuku huyo sasa, kiongozi wa waliopinga kipande na kodi. Alikamatwa, watu 21 wakauawa nje ya kituo cha polisi, kodi ikashuka. Damu ndiyo iliyoshusha kodi.

Hesabu254 (#16)
Twende polepole @Ngoma Nzito. Mkutano wa Dagoretti ni Juni 1921, pamoja na machifu na maafisa. Madai yalikuwa mshahara uliokatwa, kodi, kipande, wasichana na wanawake kupelekwa kazi za lazima. Thuku akatuma simu London moja kwa moja, akawaruka machifu, na hilo liliwauma wakubwa kuliko madai yenyewe. Alikamatwa 14 Machi 1922. Umati ulipigwa risasi tarehe 16 Machi, nje ya kambi ya polisi Nairobi, jirani na hoteli ya Norfolk. Idadi rasmi ni 21, walioshuhudia walitaja zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa Kismayu, hakurudi kwao mpaka mwisho wa 1930.

Kushuka hadi shilingi 12 mwaka huohuo kuna maelezo mengine pia: bei za mazao zilikuwa zimeanguka baada ya vita na kodi ya shilingi 16 ilikuwa haikusanyiki. Huwezi kusema ni damu tu.

Mwana wa Gem (#17)
Wala si Nairobi tu! Nyanza nako walikutana Lundha, Gem, 23 Desemba 1921, miezi mitatu kabla ya risasi, wakaunda chama. Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor, Simeon Nyende, wengi wao vijana waliosoma Maseno. Madai: kodi ipungue, kipande kifutwe, kambi za kazi zifungwe, hatimiliki za ardhi, shule ya serikali, na Nyanza iwe na mkuu wake wa kuchaguliwa. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Walitaka uwakilishi miaka 23 kabla ya Mathu.

Mwaka 1922 Gavana Northey akaja kuwasikiliza Nyahera. Kambi zikafungwa, kodi ikashuka. Mkuu wao wa kuchaguliwa hawakupewa. Mwaka 1923 Askofu Owen akaushika uongozi wa chama na kukigeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, jina la zamani la Nyanza. Siasa ikatolewa, yakabaki masuala ya vyoo, miti na nyumba bora.

Mama Stakabadhi (#18)
Owen alikuwa Arkidiakoni (cheo cha kanisa chini ya askofu), si Askofu. Na tusimwonee: aliandika sana magazetini Uingereza kupinga kazi za lazima, walowezi walimchukia kwa hilo. Lakini ni kweli chama kilipoteza makali.

Barazani Leo (#19)
Mnajadili mlipaji, mimi nawaletea asiyelipa.

Walowezi wa Kenya ndio waliopiga kelele ya mapema kabisa kwamba hawawezi kutozwa kodi bila kuwakilishwa, hoja ileile ya makoloni ya Amerika ya 1765 walipogomea sheria ya stempu. Wakapata: uchaguzi wa 1920, viti 11 vya Wazungu, kwa jamii ambayo haikufika watu 10,000. Mnajua walitumiaje viti hivyo? Kodi ya mapato ilipitishwa 1920, ikawagusa wao. Kufikia 1922 ilikuwa imefutwa. Kamati ya Bowring ikaja na njia mbadala, ushuru wa forodha: unga wa ngano, sukari, siagi, mbao vikatozwa vikiingia kutoka nje, na mkulima wa Kizungu akalindiwa soko. Kodi ya mapato haikurudi Kenya mpaka 1937.

Kwa hiyo mlowezi alipata uwakilishi, akautumia kuondoa kodi. Mwafrika alipata kodi, akaambiwa asubiri uwakilishi. Tamko la Devonshire, waziri wa makoloni wa Uingereza, la 1923 likasema maslahi ya wenyeji ndiyo ya kwanza, halafu kiti cha kuyasemea kikapewa mmisionari. Kuanzia 1924 alikuwa Dk. John Arthur wa misheni ya Waskoti.

Mtunza Hazina (#20)
Kwa haki, walowezi na Wahindi nao walikuwa na kodi ya kichwa ya wasio wenyeji, shilingi 30.

Hesabu254 (#21)
Shilingi 30 kwa mwenye shamba la ekari elfu, shilingi 12 kwa kila kibanda cha kibarua wake. Igawanye kwa kipato, si kwa kichwa, ndipo utaona nani alibeba nini.

Duka la Kona (#22)
Naona Wahindi wametajwa kwa sentensi moja. Wao walitumia silaha ambayo wengine hawakuwa nayo: kufunga maduka.

Tanganyika, Aprili 1923, wafanyabiashara Wahindi walifunga maduka zaidi ya mwezi mzima kupinga sheria ya kodi ya faida na leseni. Kilichouma hasa ni sharti la kuandika vitabu vya hesabu kwa Kiingereza au Kiswahili, wakati daftari zao zilikuwa za Kigujarati. Duka dogo la Kilosa au Tabora lingetakiwa kuajiri karani kwa ajili ya kodi. Kenya, baada ya Devonshire kuwapa viti 5 tu vya orodha yao peke yao ya wapiga kura, mkutano wao wa Mombasa Januari 1924 uliongozwa na Sarojini Naidu kutoka India, wakaamua kugomea kodi ya kichwa. Waligoma waziwazi kwa jina la uwakilishi.

Binti Usangi (#23)
Nimesubiri mtu ataje Upare, naona kimya. Basi naleta.

Vita ya Pili ikiwa bado haijaisha, Wilaya ya Pare iliongezewa kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwepo. Ikaitwa mbiru, jina la ushuru ambao watemi wa zamani walipewa. Walidhani jina la kienyeji litaifanya ikubalike. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same, makao ya wilaya, wakakaa. Paulo Kajiru Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi. Msimamo wao haukuwa kukataa kulipa. Walisema kodi ya kichwa tutalipa, mbiru hapana.

Mapema 1946 wanawake wa Usangi wakaandamana wenyewe kwa mkuu wa wilaya. Waume wamekaa Same, mashamba yamelala, nyumba hazina watu. Walimtaka awarudishe waume zao au yeye awape mimba wote. Mbiru ikafutwa 1947.

Barazani Leo (#24)
Safi @Binti Usangi. Lakini kwa nadharia kodi ya kupanda ni ya haki kuliko kodi sawa kwa wote. Tajiri analipa zaidi. Kwa nini maskini nao waliipinga?

Binti Usangi (#25)
Kwa sababu ya hatua ya ukadiriaji. Kodi ya kichwa inajulikana: kiwango kimoja, unalipa, unapewa stakabadhi, hakuna mjadala. Mbiru ilihitaji mtu akae aseme fulani ana miti kadhaa ya kahawa, ng'ombe kadhaa, kwa hiyo daraja lake ni hili. Aliyekaa kusema ni mtemi na wazee wake. Hawakuwa na daftari la mali wala mizani ya mazao. Majirani wawili wenye mashamba yanayolingana wanapewa madaraja tofauti, na rufaa inarudi kwa mtemi yuleyule. Watu waliona kodi imempa mtemi fimbo mpya. Ndiyo maana wakamruka, wakaenda Same.

Kwangu mimi hapo ndipo kodi na uwakilishi vinapokutana, kijijini. Mpare wa 1945 hakuwa akifikiria kiti cha Dar es Salaam. Alitaka awe na neno kuhusu anayemkadiria.

Mchimba Nyaraka (#26)
Hapa hoja yangu ya #1 inabanwa kweli. Nakubali #25 ina uzito. Ila swali linabaki: kwa nini mtemi alipewa kazi hiyo? Gavana Cameron 1926 aliweka mamlaka za wenyeji, zikapewa hazina zao na sehemu ya kodi. Mshahara wa mtemi ukatoka kwenye kodi anayoikusanya. Mwaka huohuo akafungua baraza Dar es Salaam lenye wajumbe 7 wasio maofisa: Wazungu 5, Waasia 2. Sababu aliyotoa ni kwamba hakuna Mwafrika anayejua Kiingereza cha kutosha. Kwa hiyo mlipaji akapewa mtemi badala ya mjumbe.

Kaya Kavu (#27)
Ninyi mnabishana fedha na vibarua, mmesahau sababu ya tatu: kumhesabu mtu na kumfungia mahali. Giriama, pwani ya Kenya, 1913. Champion, afisa wa serikali, alipofika Ugiriama kazi yake ilikuwa kuhesabu nyumba, kukusanya kodi, na kutafuta vijana wa mashamba ya pwani, vyote kwa ziara moja. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walipowaapisha watu, waliwaapisha wasishirikiane hata kidogo, si kwamba kodi ipungue. Mekatilili akafukuziwa Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Ukiwaambia Wagiriama wale wapewe kiti barazani, wangekuuliza baraza la nani.

Ngoma Nzito (#28)
#27 umewafunga wote midomo.

Mtunza Hazina (#29)
Mimi hajanifunga. Giriama walikuwa wanauza mahindi vizuri wakati ule, hawakuhitaji mshahara. Hilo linarudi kwenye hoja yangu ya #12: mwenye cha kuuza hakubali kibarua, ndiyo maana ikatumika nguvu.

Tabora 58 (#30)
Twende mwisho wa habari, kwenye kura. Tanganyika 1958-59, uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima. Masharti ya mpiga kura: umri miaka 21, uwe mkaazi, halafu mojawapo ya haya: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000; au darasa la nane; au wadhifa uliotajwa kisheria. Ukishafika kituoni lazima uchague watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukimchagua mmoja tu, kura imeharibika. Mgawanyo wa viti ni 10-10-10 tangu 1955, wakati Waafrika ni zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000.

Mkutano wa TANU Tabora, Januari 1958, nusura upasuke kwa jambo hili. Nyerere akawashawishi waingie, ule uitwao Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu akatoka, akaanzisha chama chake cha Kongresi. Hoja ya Nyerere ilikuwa ya hesabu: TANU ikisusa, viti vinakwenda kwa chama pinzani cha UTP. Ikiingia, inachagua hata Mzungu na Mwasia wa kumuunga mkono. Na ndivyo ilivyokuwa.

Simba wa Kusini (#31)
Kwa hiyo mwenye stakabadhi ya kodi ndiye aliyepiga kura.

Tabora 58 (#32)
@Simba wa Kusini soma tena masharti. Stakabadhi ya kodi ya kichwa haimo. Mkata mkonge wa Korogwe angeweza kuonyesha stakabadhi za miaka ishirini mfululizo, asipewe kura, maana shilingi 3,000 kwa mwaka alizisikia tu. Kijana aliyemaliza darasa la nane anapewa.

Hesabu254 (#33)
Kenya 1957 vilevile, na zaidi. Masharti yalikuwa kama alama: elimu, kipato cha pauni 120 au mali ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu, na mengineyo. Mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi 3. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, cheti cha utii juu yake. Waafrika 8 wakaingia, akina Mboya, Odinga, Moi, Ngala, Muliro. Mathu, yule wa kwanza wa 1944, akashindwa na Bernard Mate.

Mama Stakabadhi (#34)
Na kabla hamjafunga, wanawake. KCA (Kikuyu Central Association, chama cha Wakikuyu) ilipomtuma Johnstone Kenyatta London 1929, orodha ya madai ilikuwa na ardhi, elimu, wajumbe wa Waafrika barazani, na kufutwa kwa kodi ya nyumba za wanawake. Kodi ya wajane na kiti cha barazani viliandikwa kwenye karatasi moja. Hao hawakutenganisha mambo mawili tunayoyatenganisha humu tangu #1.

Mchimba Nyaraka (#35)
Hiyo #34 inanipa kazi. Kuna mwenye uhakika kama chama chochote cha Tanganyika kabla ya 1945 kiliyaweka mawili hayo pamoja namna hiyo? African Association ilianza 1929, mwaka uleule.

Kivinje Juu (#36)
African Association miaka ile ilikuwa ya watumishi wa serikali mjini. Kodi ilikuwa inakatwa, ila kilio chao kikubwa kilikuwa mishahara na vyeo. Tafuta vyama vya wakulima, anza na Kilimanjaro: wakulima wa kahawa walijiunga 1925 na ndio waliokuwa na fedha ya kutozwa. Usiishie kwenye vyama vya siasa.

Binti Usangi (#37)
Na Wameru wa Tanganyika, 1951-52, ingawa kule ni ardhi. Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa kwa michango ya wanavijiji wenyewe. Walichangishana kwa hiari kumlipia msemaji wao nauli, wakati huohuo kodi ya serikali ikifuatwa nyumba kwa nyumba.